Mshindani anapogeuzwa msaliti: Funzo la lugha kutoka kwa mashabiki wa Rossi na Márquez

KISWAHILI kina neno ambalo sisi wanaisimu hatujalipa haki yake. Neno hilo ni mkereketwa. Kitenzi kereketa maana yake ni kuwasha kooni, kama anavyowashwa mtu aliyekula nduma ambazo hazijaiva sawasawa. Mkereketwa basi ni mtu aliyewashwa na kitu. Kiambishi -w- kilichomo humo ni cha kauli ya kutendwa, na hapo ndipo penye siri. Mkereketwa hatendi, anatendwa. Jambo limemkaa kooni na hana namna ila kukohoa.

Waitalia nao wana neno lao. Shabiki wanamwita tifoso, na wakiwa wengi ni tifosi. Neno hilo linatokana na tifo, jina la ugonjwa wa homa kali inayompandisha mtu joto hadi akaweweseka. Kwa hiyo lugha mbili zisizo na udugu wowote zimefikia uamuzi mmoja: ushabiki ni maradhi. Swali ninalotaka tulijadili katika ukumbi huu wiki hii ni je, mtu aliyeshikwa na homa hiyo anaona nini, na anakisemaje alichokiona?

Mfano wangu ni uhasama wa waendeshaji wawili wa mbio za pikipiki za MotoGP, Valentino Rossi wa Italia na Marc Márquez wa Uhispania. Najua wengi wetu pikipiki tunazozifahamu ni za bodaboda. Hata hivyo, msomaji, usiondoke. Kisa hiki ni cha lugha kuliko cha injini.

Kwanza, yaliyotokea. Mwaka wa 2015 Rossi alikuwa na umri wa miaka 36. Alikuwa na mataji 9 ya dunia katika madaraja yote aliyoshiriki, na alikuwa akilitafuta la 10. Mashabiki wake walivaa njano, rangi yake, na kumwita Daktari. Hata Chuo Kikuu cha Urbino kilikuwa kimemtunuku shahada ya heshima mwaka wa 2005. Aliyemfuata kwa pointi alikuwa Jorge Lorenzo, Mhispania, mwenzake katika timu ya Yamaha. Márquez, aliyekuwa na miaka 22 na kuendesha Honda, hakuwa tena na matumaini ya taji mwaka huo. Zingatia hilo: mgogoro mkubwa wa msimu ulimhusu mtu asiyekuwa na taji la kugombea.

Wawili hao walikuwa wamegusana mara mbili mwaka huo. Nchini Argentina mwezi wa Aprili Márquez aligongana na Rossi, akaanguka. Mjini Assen, Uholanzi, mwezi wa Juni waligusana katika kona ya mwisho. Rossi akakatiza kwenye changarawe na kushinda. Kisha ikaja Phillip Island, Australia, Oktoba 18. Márquez alishinda, Lorenzo akawa wa pili, Rossi wa nne. Siku 4 baadaye, kwenye kikao na wanahabari mjini Sepang, Malaysia, Rossi alidai hadharani kwamba Márquez alikuwa amewachezea mbio kule Australia ili amsaidie Lorenzo kutwaa taji.

Jumapili, Oktoba 25, wawili hao walipitana na kupitanapitana kwa mizunguko kadhaa. Katika mzunguko wa 7, kwenye kona ya 14, Rossi alipunguza kasi, akapanuka hadi ukingo wa barabara huku akimtazama Márquez. Pikipiki zikagusana, mguu wa Rossi ukaonekana ukitoka mahali pake, Márquez akaanguka. Rossi alimaliza wa tatu, lakini wasimamizi walimpa pointi 3 za adhabu. Zikijumlishwa na 1 aliyokuwa nayo tayari zikawa 4, na kanuni ikamlazimu aanzie mkiani katika mbio za mwisho, Valencia. Rufaa zake hazikubadilisha hali hiyo. Novemba 8 alianza nyuma ya wote, akawapita hadi nafasi ya nne. Lorenzo alishinda, Márquez akamfuata wa pili. Lorenzo alitwaa ubingwa kwa pointi 330 dhidi ya 325 za Rossi.

Hayo ndiyo matini yetu. Sasa tuhakiki wasomaji wake.

Jambo la kwanza lililowagawanya mashabiki lilikuwa nomino. Uhispania neno lilikuwa patada, yaani teke. Italia watu waliapa hakukuwa na teke. Márquez ndiye aliyeinama na kumwegemea Rossi, na mguu ukateleza tu. Mkurugenzi wa mbio, Mike Webb, alieleza jambo ambalo halikumridhisha yeyote. Alisema Márquez alikuwa akijaribu kwa makusudi kumpunguzia Rossi kasi, lakini bila kuvunja kanuni. Rossi naye alipanuka kwa makusudi ili kumtoa mwenzake kwenye njia, na hilo ndilo lililosababisha kugusana. Kwa Kiswahili changu ningesema Rossi alimpiga kikumbo. Lakini kikumbo si neno la kuimbiwa uwanjani. Shabiki anataka ama teke ama hakuna kitu. Ukisema teke, umeshahukumu. Ukisema aliteleza, umeshasamehe. Neno la katikati lipo, ila halina wafuasi.

Jambo la pili lilikuwa neno lenye utamu zaidi, biscotto. Ndilo hilihili letu la biskuti. Katika Kiitalia cha michezo, biscotto ni mapatano ya kimyakimya baina ya wawili ili matokeo yamwumize wa tatu. Mwaka wa 2004, katika fainali za soka za mataifa ya Ulaya, Uswidi na Denmark zilitoka sare ya 2-2. Sare hiyo hasa ndiyo iliyozifaa zote mbili na kuiondoa Italia. Tangu hapo, na hata kabla yake, Mwitalia ameishi na biskuti hiyo mfukoni. Wahispania wawili walipomaliza mbele ya Rossi pale Valencia, hakuna aliyehitaji kutafuta ushahidi. Neno lilikuwa limeshaokwa, likawa linasubiri tu kuliwa. Nalo neno likiwa tayari kabla ya tukio, tukio huwa halina budi kulitoshea.

Hapa sarufi ya Kiswahili inatupa darubini nzuri. Tazama neno mshindani. Limetokana na shindana, na ndani yake mna kiambishi -an- cha kauli ya kutendana. Huwezi kushindana peke yako. Neno lenyewe linawataka wawili, na kila mmoja ni mtenda na mtendwa kwa wakati mmoja. Mpinzani vilevile amebeba -an- hiyohiyo. Sasa litazame neno msaliti. Hapa -an- haipo. Yupo mmoja aliyesaliti na mwingine aliyesalitiwa. Mmoja ana hatia yote, mwingine ana uchungu wote.

Hicho ndicho kilichotokea katika vinywa vya mashabiki kati ya Aprili na Novemba 2015. Mwanzoni wawili hao walikuwa washindani. Assen ilipokwisha, watu walibishana kuhusu nani alikuwa na haki ya kona, lakini bado walibishana kuhusu wawili. Baada ya Sepang, -an- ilikatwa. Kwa upande mmoja Márquez akawa msaliti, kijana aliyekua akimhusudu Rossi kisha akamchoma kisu mgongoni. Kwa upande wa pili Rossi akawa mzee mwenye hasira aliyempiga teke kijana kwa kuwa hawezi kumpita. Kila upande ulipata mtenda mmoja na mtendwa mmoja. Kumbe kugusana kwenyewe, kama neno linavyojieleza, ni jambo la kutendana.

Wapo watakaosema, "Profesa, hayo ni maneno tu. Picha za televisheni zipo, mwenye macho aangalie." Laiti ingekuwa rahisi hivyo. Mwaka wa 1954 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Albert Hastorf na Hadley Cantril, walichapisha utafiti ambao kila mpenda michezo angepaswa kuujua. Waliwaonyesha wanafunzi wa vyuo vya Dartmouth na Princeton filamu moja ya mechi kali ya kandanda ya Kimarekani iliyochezwa baina ya vyuo hivyo mwaka wa 1951. Wakawaambia waandike kila kosa walilo-liona. Wanafunzi wa Princeton waliona wachezaji wa Dartmouth wakifanya makosa zaidi ya maradufu ya yale ambayo wanafunzi wa Dartmouth wenyewe waliyaona. Filamu ilikuwa ileile. Hitimisho la watafiti hao ni zito: si kwamba watu walitazama mechi moja wakaifasiri tofauti, bali ni kana kwamba kila upande ulitazama mechi yake.

Mhakiki wa fasihi Stanley Fish angeuita kila upande jamii ya wafasiri. Kwake, maana haikai kwenye matini ikingoja kuokotwa. Inaundwa na kundi la wasomaji wanaoshiriki mazoea mamoja ya kusoma. Nadharia hiyo inatufaa hapa, ila naikubali nusu tu. Inaeleza vizuri kwa nini mashabiki wa njano na mashabiki wa namba 93 hawakuelewana. Haielezi ni nini kingeweza kuwafanya waelewane. Na mimi sikubali kwamba ushahidi ni kitu kisichokuwapo. Matini ina mipaka yake, na tafsiri nyingine haziwezi kuwa kweli hata zikipendwa na umma mzima.

Hebu tuupime ushahidi wenyewe, tena kwa hesabu ya darasa la nne. Mshindi hupata pointi 25, wa pili 20, wa tatu 16 na wa nne 13. Madai ya Rossi yalihusu Phillip Island. Lakini kule Phillip Island Márquez alimpita Lorenzo katika mzunguko wa mwisho kabisa, akamnyang'anya pointi 5. Rossi aliingia Valencia akiongoza kwa pointi 7. Márquez angemwachia Lorenzo ushindi ule, Rossi angeingia Valencia akiongoza kwa 2 tu. Huyu ni mshirika wa aina gani, anayempokonya rafiki yake pointi 5 dakika ya mwisho? Biskuti hiyo ya Australia, kwa kweli, haina unga.

Haki iendelee kutendeka. Kuhusu Valencia, wenye shaka wana la kusema. Márquez alimfuata Lorenzo kwa mizunguko mingi bila kujaribu kumpita kwa dhati, naye ni mtu aliyejulikana kwa kujaribu hata pasipojaribika. Na Sepang, mkurugenzi wa mbio mwenyewe alikiri kwamba Márquez alikuwa akimsumbua Rossi kwa makusudi. Kwa hiyo mashabiki wa Rossi hawakuwa wendawazimu. Walikuwa na shaka yenye mashiko katika mbio mbili na shaka isiyo na mashiko katika moja. Kosa lao lilikuwa kuzifunga zote tatu katika kifurushi kimoja na kukiandika jina moja. Hiyo ndiyo kazi mbaya ya neno la jumla. Ukishasema biscotto, huhitaji tena kutenganisha Australia na Valencia.

Tena upo utepetevu mwingine ambao mhakiki hawezi kuufumbia macho, nao ni wa kumbukumbu. Mwaka wa 2005 mjini Jerez, Uhispania, Rossi alimpiga kikumbo Sete Gibernau katika kona ya mwisho, Gibernau akaishia kwenye changarawe na Rossi akashinda. Wahispania walimzomea, wafuasi wake wakasema hizo ndizo mbio, asiyeweza akae nyumbani. Mwaka wa 2013, kwenye uwanja uleule wa Jerez, Márquez alimgonga Lorenzo katika kona ileile ya mwisho. Na mwaka wa 2008 kule Laguna Seca, Marekani, Rossi alimpita Casey Stoner kwa kukatiza kwenye vumbi. Miaka 5 baadaye Márquez alimpita Rossi mahali palepale kwa namna ileile. Mwanafunzi alikuwa amesoma kitabu cha mwalimu ukurasa kwa ukurasa. Anayesifu ukurasa mmoja na kulaani wa pili hajadili mbio. Anajadili majina.

Na hebu jiulize, msomaji, ni nani tuliyemsahau katika mjadala wote huu? Ni bingwa mwenyewe! Lorenzo alishinda mbio 7 mwaka wa 2015, Rossi akashinda 4. Ni rekodi inayoweza kutetea taji bila kuomba msaada wa mtu. Lakini katika masimulizi ya wakereketwa, Lorenzo aligeuzwa kitu cha kupewa: alisaidiwa, alipendelewa, aliachiwa. Sarufi ilimtia katika kauli ya kutendwa, hata ushindi wake ukaonekana ni tukio lililompata, mithili ya mvua. Kati ya dhuluma zote za kisa hiki, mimi hii ndiyo inayonisikitisha zaidi. Fahali wawili wakipigana, nyasi ndizo huumia, nasi hatukumbuki kuuliza nyasi hizo zilikuwa na jina gani.

Je, lugha zetu zina namna bora? Kwa kiasi fulani, ndiyo. Nchini Tanzania, timu za Simba na Yanga huitwa watani wa jadi. Mtani ni mtu ambaye mila inakuruhusu umseme, umcheke, hata umtukane kidogo, kwa sababu uhusiano wenu hauvunjiki. Hapa Kenya, pambano la Gor Mahia na AFC Leopards tunaliita debi ya mashemeji. Neno hilo linatukumbusha kwamba tukitoka uwanjani bado kuna harusi, matanga na wajomba wa pande zote mbili. Sisemi kwamba neno limezuia mawe kurushwa. Mawe yamerushwa, viti vimeng'olewa, na wenye kuumia wanajua. Ila neno shemeji huacha mlango wa kurudi ukiwa wazi. Neno msaliti huufunga mlango huo na kutupa ufunguo baharini.

Tazama jinsi ulivyofungwa. Mwaka wa 2016, katika mbio za Mugello, Italia, Márquez alipigiwa miluzi alipopanda jukwaa la washindi. Wiki 2 baadaye huko Catalunya, kifo cha mwendeshaji kijana, Luis Salom, kiliwafanya Rossi na Márquez wapeane mikono. Haikudumu. Mwezi wa Aprili 2018 nchini Argentina Márquez alimgonga Rossi akamwangusha, akaadhibiwa kwa sekunde 30. Alipokwenda kuomba radhi katika banda la Rossi alirudishwa mlangoni. Septemba mwaka huohuo, mjini Misano, Márquez alinyoosha mkono mbele ya wanahabari. Rossi hakuupokea.

Rossi alistaafu mwishoni mwa 2021. Kimantiki, homa ingeshuka. Lakini mwaka wa 2025 Márquez aliendesha pikipiki ya Ducati, kampuni ya Italia, akiwa na mavazi yake mekundu. Aliposhinda Mugello bado baadhi ya Waitalia walimzomea. Waliizomea, kwa maana nyingine, pikipiki ya nyumbani kwao kwa sababu ya kona moja ya Malaysia ya miaka 10 iliyopita. Septemba mwaka huo alitwaa ubingwa mjini Motegi, Japani. Walioanza kumzomea wakiwa vijana sasa wana watoto, na bila shaka wapo watoto wanaozomea pasipo kujua kwa nini. Hivyo ndivyo neno linavyorithiwa. Sababu hufa, neno likabaki.

Nimekieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu mkereketwa, katika Kiswahili, hakuzaliwa uwanjani peke yake. Neno hili tunalitumia zaidi kwa wafuasi sugu wa vyama vya siasa. Nasi tunafahamu jinsi msamiati unavyobadilika katika nchi hii kila uchaguzi unapokaribia: jana mshindani, leo mpinzani, kesho msaliti wa jamii. Mabadiliko hayo huonekana kama ukali wa maneno tu, jambo la kupita. Kumbe ni mabadiliko ya sarufi. Tumeiondoa -an-, na tukishaiondoa hatuoni tena kwamba sisi pia tulitenda.

Ninawapendekezea walimu wa Kiswahili wa shule za upili zoezi moja dogo. Waonyesheni wanafunzi picha za mchezo wowote wenye utata, kisha kila mmoja aandike ripoti mbili za aya moja: ya kwanza kwa vitenzi vya kutendana pekee, ya pili kwa vitenzi vya kutenda na kutendwa. Wasome zote mbili kwa sauti. Halafu waulizwe swali moja tu: ni katika ripoti ipi ulilazimika kubuni jambo usiloliona?